Fomu Ilisema Hakuna Kaburi

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, mvua haitaki kunyesha, joto limekaa tu. Nimerudi Segerea, nimeoga, nimekula kiporo cha jana na sikusikia ladha yoyote. Sina hasira. Hata huzuni sina. Niko kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, ganzi bado haijaisha.

Kwa msionijua, mie ni afisa mazingira kwenye kampuni ndogo ya ushauri. Bomba la gesi likitaka kupita mtaani kwenu, sie ndio tunatangulia kabla ya mafundi. Tunapima maji ya visima, kelele, vumbi, tunahesabu miti, tunauliza maswali. Swali mojawapo kwenye fomu ni kama kuna kaburi katika eneo hilo. Anayejibu na kusaini ni mkuu wa kaya.

Miezi minne iliyopita, kule Tegeta, swali hilo nilimuuliza Mzee Mushi, mwalimu mstaafu. Alicheka. "Binti yangu, sie makaburi yetu yako nyumbani, Rombo. Hapa Dar tumekuja kutafuta maisha tu." Nikacheka naye, maana hata kwetu Bukoba ni hivyo hivyo. Mtu akifia Dar, watu wanachanga, jeneza linasafirishwa. Nikaweka tiki kwenye "hakuna", naye akasaini. Mkewe alikuwa barazani anachambua mchele. Hakusema kitu.

Na mie sikumuuliza.

Leo nilirudi kupima vumbi kabla katapila halijaanza kuchimba Jumamosi. Vigingi vimeshapigwa nyuma ya ukuta wao. Mkewe, Mama Neema, akaniletea chai ya tangawizi. Nikampa shikamoo, akaitikia, halafu akabaki amesimama anaangalia kigingi.

"Mtachimba hapa hapa?"

"Ndiyo, mama. Mpaka usawa wa kifua hivi."

Akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, "Hapo kuna mtoto wangu."

Ni wa kwanza, kabla ya Neema. Wa kiume. Mimba ya miezi sita, alizaliwa ameshakufa, na mumewe alikuwa Rombo kumzika baba yake. Mtoto wa hivyo hasafirishwi, hawekewi matanga. Dada yake Mama Neema, jirani na mkunga walimfunga kwenye kanga wakamzika pale nyuma, enzi hizo Tegeta bado ni pori. Mzee aliporudi akaambiwa mimba imeharibika, basi. Mpaka leo hajui kwamba kulikuwa na mtoto wa kushika mikononi.

"Ana presha. Usimwambie, mwanangu. Ila wasimchimbe."

Nilimaliza chai. Yaani hicho ndicho nilichofanya, nikamaliza kikombe chote.

Acha nikiri. Cha kwanza kuniingia kichwani hakikuwa mtoto. Niliwaza ile tiki yangu, na mkataba wangu unaoisha mwezi ujao. Ndipo nikakumbuka kwamba mie mwenyewe ni mwanamke, mama yangu mwenyewe alipoteza mmoja wa hivyo, na bado swali la kaburi nilimpelekea baba mwenye nyumba kwa sababu fomu ina mstari mmoja tu wa saini. Nimeshapita nyumba ngapi hivyo? Sitaki kujua.

Utaratibu naujua. Nikiandika kaburi, kazi inasimama, notisi inabandikwa ukutani, bwana afya anakuja, na mkuu wa kaya anasaini ndipo mabaki yahamishwe. Mzee Mushi atasoma notisi kwenye ukuta wake mwenyewe. Nisipoandika, Jumamosi katapila linapita.

Nikampigia Salim, mhandisi wetu wa laini ya bomba. Nikamwambia bomba lisogezwe mita mbili kuelekea barabarani.

"Sababu?"

Kuna sababu moja ambayo wahandisi huwa wanaikubali bila kuja kuangalia, kwa kuwa udongo wa mahali kama hapo unatitia na bomba halikai.

"Kuna shimo la choo la zamani," nikasema.

"Dah, afadhali umeliona. Sogeza. Nitumie fomu ya marekebisho leo leo."

Dakika mbili hazikufika. Nimeijaza kwa mwandiko wangu mzuri, nimeweka alama kwenye ramani, nimesaini. Ramani hiyo itatunzwa miaka na miaka, na kila fundi atakayeifungua atakwepa pale na kuziba pua.

Jioni Mama Neema ametuma meseji. "Wamekuja vijana wamesema bomba linapita pembeni. Mungu akubariki mwanangu. Umewaambia kuna nini hapo?"

Nimeandika nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Ningeweza kumwambia nimesema ni jiwe, au mizizi. Angeamini, angelala. Lakini mama huyu amemficha mtoto wake miaka yote hiyo, na leo kwa mara ya kwanza amemtaja mbele ya mtu, mtu mwenyewe ndiye mie.

Kesho asubuhi niko Tegeta kusimamia vigingi vinavyohamishwa. Atatoka, ataniuliza uso kwa uso. Nitamwambia ukweli: mama, mtoto wako yuko salama, ila nimemwandika choo.