Upande wa Karibu

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo chuoni, wewe na wenzako mnaolala chumba kimoja. Natumaini kile kikohozi ulichokitaja kimekuachia, na kwamba wakufunzi wenu wamepunguza ukali. Huku nyumbani tunapumua. Mama hajambo, isipokuwa magoti, ambayo anasema siku hizi yanatabiri mvua vizuri kuliko redio. Baba bado amefungwa mkono kifuani, lakini jana alimgombeza muuza maziwa kwa nguvu zake zote, na Mama akasema basi huyo amepona. Mimi mwili wangu ni mzima. Kuhusu mengine, ndiyo sababu ya barua hii, na nakuomba uisome ukiwa umekaa.

Uliniuliza jambo moja tu. Uliandika kwamba mimi nilikuwapo, na kwamba tangu utotoni sijui kusema uongo, basi nikuambie: mume wako alikuwa amelewa, au alifanya kazi kwa haraka, au alilidharau gari la Baba? Ukasema jibu langu ndilo litakaloamua kama ukimaliza mafunzo ya ukunga utarudi nyumbani kwake au utatafuta chumba chako. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoandika jibu fupi, nililiona lina uongo ndani yake hata pale kila neno lilipokuwa la kweli.

Nianze na gari, maana uliondoka likiwa bado mifupa, limelazwa juu ya matofali nyuma ya jiko, injini imefunikwa gunia. Unakumbuka tulivyocheka Baba alipolikokota kutoka yadi ya kile kiwanda kilichofungwa: kigari cha Kiingereza cha watu wawili, hakina paa, panya wamezaa kwenye kiti. Alisema ni dhambi kuacha mbao nzuri kama zile zioze ndani ya chuma. Watu hawaamini kwamba gari la mbio lina mbao, lakini hili fremu ya milango na ya mgongo ni mbao tupu, na Baba ni seremala. Alizichonga upya moja baada ya nyingine, akizijaribu, akizitoa, akizipiga randa tena, mpaka mlango ukawa unafunga kwa sauti ndogo kama ya kabati la nguo. Mama alishona viti kwa cherehani yake huku akilalamika. Gari amelipa jina la Mke Mwenza, kwa kuwa Baba akitoka asubuhi huliaga hilo kwanza ndipo amuage yeye. Siku alipokuta pistoni zimelowekwa kwenye beseni lake la vyombo, alimwambia Baba achague mke mmoja kabla ya chakula cha mchana.

Shemeji alianza kuja kila Jumamosi baada ya wewe kuondoka. Alisema nyumba bila wewe ina mwangwi. Wewe unajua mtaani wanamwita Fundi Baridi kwa sababu ya friji anazotengeneza, na Baba mwanzoni alimpa kazi za kusugua kutu tu. Lakini gari lile lina kabureta mbili, na zisipovuta hewa sawasawa injini inakohoa. Shemeji alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mluzi wa hewa kama anavyosikiliza gesi ya friji. Akakaza skrubu hii, akalegeza ile, mpaka mluzi wa huku na wa kule ukawa mmoja. Mama akamwambia naona mkwe wangu umeanza ukunga kabla ya mkeo. Tangu siku hiyo Baba akawa anamwita mwanangu. Nakueleza haya kwa makusudi. Hakuwahi kulidharau gari lile hata siku moja, na kinywaji sikukiona mkononi mwake.

Kazi yangu mimi ilikuwa ya mdomo. Kitabu cha gari ni cha Kiingereza, na mimi nilikaa juu ya debe nikisoma na kutafsiri, nimevaa shati la zamani ili grisi isinifuate ofisini, maana msimamizi wetu hukagua hata kucha. Wapita njia wakichungulia, Baba alinitambulisha kuwa ndiye mhandisi wake wa maneno. Nilijifanya sipendi. Nilipenda, Dada. Pale kazini mimi ni karani wa mwisho, ninayetumwa kuleta gundi. Nyumbani nikifungua mdomo, wanaume wawili wananyamaza na spana zao mkononi.

Sasa sikiliza habari ya magurudumu, kwa sababu kila kitu kimo humo. Gurudumu la gari lile halifungwi kwa nati nyingi ndogo kama magari ya leo. Linakaa juu ya kitovu cha chuma, na katikati unafunga nati moja kubwa yenye masikio, unayoigonga kwa nyundo ya shaba. Nati za upande mmoja hukazwa kwa kuzungusha kulia, za upande wa pili kwa kuzungusha kushoto. Waliolitengeneza walifanya hivyo kwa akili, ili gari likienda mbele, mwendo wenyewe uzidi kuzikaza. Vitovu vyetu, kila kimoja na nati yake, vilikuwa vyote kwenye gunia, vimechanganyika. Lakini vilikuwa na maandishi yaliyochongwa: viwili vilikuwa na neno la Kiingereza la “karibu”, na viwili vilikuwa na neno lingine nililoliona kama la “mbali”.

Baba akauliza karibu na nani. Nikamjibu, bila kufungua kitabu, kwamba ni karibu na dereva, kwani na nani tena? Dereva anakaa kulia, basi vya “karibu” viende kulia. Shemeji akasema kwa utani kwamba Waingereza ni wakarimu, hata gurudumu wanalikaribisha. Tukacheka. Akavifunga kama nilivyosema, akazigonga zile nati mpaka kuku wakahama ua.

Siku ya kulitoa barabarani ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu, na majirani walisimama ukutani kama wanangoja matokeo ya mtihani. Mlikuwa mmeahidiana tangu zamani, wewe na Baba, kwamba kiti cha pili siku hiyo ni changu, kwa kuwa mimi ndiye wa kumsomea kitabu. Asubuhi hiyo niliwaambia tumbo linaniuma. Baba alisikitika. Akamwita Shemeji apande, na Shemeji akakataa, akasema tusubiri Jumamosi nyingine mdogo wangu apone. Mimi ndiye niliyemshika bega nikamwambia apande tu, asimharibie mzee siku yake.

Wakaenda. Tuliusikia mlio wa injini ukipanda hadi kwenye ukuta wa shule, mzuri, laini, kisha wakashika mteremko. Halafu tukasikia chuma kikikwangua lami. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limejifungua na kutoka. Lilitangulia peke yake hadi chini kwenye njia panda, na gari likalala mtaroni. Baba alivunjika mtulinga, huu mfupa wa begani, na uso wake ulichubuka upande mzima. Shemeji alitoka na mchubuko wa goti, na huo uzima wake ndio uliomponza. Watu walisema fundi mwenyewe hana hata jeraha. Baba akiwa amelala hospitali aliuliza mbele yetu sote ni nani aliyefunga magurudumu. Shemeji akasema ni mimi, Baba, niliyafunga kwa mikono yangu. Baba akageuza uso ukutani, akasema mkono wa mtu wa friji umezoea vitu vinavyokaa mahali pamoja. Tangu hapo hajampa ruhusa ya kuingia ua wetu. Na wewe ukamwandikia ile barua uliyomwandikia.

Sidhani unajua anaishije. Anaamini kwamba hakukaza. Nilipita dukani kwake wiki iliyopita nikamkuta amerudia kufungua friji ya mteja aliyokwisha kuimaliza, anahakikisha skrubu. Mteja amesimama anapiga miguu. Shemeji aliniuliza kama nilimwona akigonga ile nati ya kushoto, maana yeye anakumbuka aliigonga, lakini hajiamini tena. Nikamwambia sikuangalia vizuri. Niliangalia, Dada. Aliigonga kuliko zote.

Jana usiku nilishindwa kuvumilia, nikamwendea Baba kitandani nikamwambia. Nilimweleza kwamba kosa halikuwa mkono bali neno. Katika Kiingereza cha magari, “karibu” haina uhusiano na dereva. Ni upande wa kushoto, ule unaopakana na ukingo wa njia, na ni msemo wa tangu enzi za farasi, mtu alipompanda mnyama akiwa upande huo. Kwa hiyo vitovu vya kushoto vilikwenda kulia na vya kulia kushoto, na mwendo wa gari, badala ya kukaza zile nati, ulikuwa unazifungua. Shemeji angekaza kwa mikono ya jitu, bado zingefunguka.

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alicheka mpaka akashika bega lake kwa maumivu. Akasema ulimi hauna mfupa, na neno la watu humteleza yeyote. Hata yeye ujanani aliwahi kutengeneza kitanda kifupi kwa kusikia vibaya jina la mteja, akadhani ni cha mtoto. Akasema kesho Shemeji aitwe, yeye mwenyewe atamwomba radhi. Nikainuka, moyo mwepesi kama karatasi. Nilipofika mlangoni akaniita. Akaniuliza kwa upole, bila kunitazama, kama siku ile tumbo lilikuwa linaniuma kweli.

Nikasema ndiyo, Baba, liliniuma sana.

Dada, halikuniuma.

Ijumaa ile, siku moja kabla, alikuja mteja kwenye dirisha letu la bima. Gari lake limegongwa mlango wa kushoto, na karatasi ya polisi inasema umegongwa mlango wa upande wa karibu. Mimi nikajikweza. Nikamwambia maelezo yake hayaoani, kwa kuwa upande wa karibu ni wa dereva, kulia. Karani wetu mkubwa, yule mama tunayemwita Bibi Mihuri, akacheka mbele ya foleni nzima. Akasema huyu kijana wetu angekuwa mchunga farasi angepanda kichwa chini. Akanieleza maana yake, habari za farasi na yote. Watu wakacheka. Mimi sikuwa nasikia kicheko. Nilikuwa naona vile vitovu.

Nilirudi nyumbani nimejiandaa kusema. Nilifika nikamkuta Baba ameshaliosha gari, analifuta kwa kitambaa cha Mama, huku akiwaambia majirani wawili waliosimama naye kwamba huyu hapa mhandisi wangu wa maneno, kitabu chote kimo kichwani mwake. Shemeji alikuwa amelala chini ya gari anafunga bomba la moshi, miguu tu inaonekana, anaimba. Kusema kungemaanisha kufungua magurudumu yote, kuahirisha siku, na kukiri mbele ya watu wale kwamba kwa neno lile sikufungua hata kitabu. Nikajiambia nitasema baada ya majirani kuondoka. Wakaondoka. Nikajiambia nitasema wakati wa kula. Tukala. Asubuhi nilizigusa zile nati nikaona zimekaza kama mwamba, nikajiambia mwendo mfupi hauwezi kuzifungua. Lakini mwili wangu haukuniamini, ndiyo maana haukukubali kupanda. Nilijihurumia mimi, nikampandisha mume wako.

Huo ndio ukweli uliouomba. Mume wako hakulewa, hakuharakisha, hakudharau. Alifanya alichoambiwa na mtu aliyemwamini, na alipoulizwa alibeba lawama peke yake. Usitafute chumba. Rudi kwake.

Kuhusu Baba, nimejaribu tena leo asubuhi, na mara mbili nimeishia kumuuliza kama anataka mto mwingine. Nimejifahamu: nikiachiwa, nitasema nusu ya ukweli maisha yangu yote. Kwa hiyo sitaitia barua hii posta mimi. Nikimaliza kuandika ninakwenda dukani kwa Shemeji kumkabidhi, bahasha ikiwa wazi, na nitakaa pale kwenye kreti mpaka aisome yote mbele yangu. Akishaisoma ni yake. Akitaka kuipeleka kwa Baba kabla haijaja kwako, njia anaijua, na mlango safari hii uko wazi. Akitaka kunipiga, nimevua miwani. Ikikufikia, ujue imepita mkononi mwake, na kama kuna neno ameongeza pembeni kwa kalamu yake, liamini hilo kuliko yangu yote.

Mama anakusalimu na anauliza kama huko mnapewa blanketi za kutosha. Wasalimie wenzako wa chumbani. Usiniandikie kwa haraka. Andika utakapoweza kuliandika jina langu bila kalamu kutoboa karatasi.

Ni mimi mdogo wako,
uliyesema hajui uongo.