Jiwe Gumu Chini ya Jiwe la Sabuni

Na lile swali lako la kwenye simu, Neema mjukuu wangu, sikulijibu kwa sababu babu yako alikuwa anacheka. Marahaba. Sisi wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Umeuliza tulijuaje kwamba kilima chetu kina jiwe gumu.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa. Nilikuwa bibi harusi, nikimpenda babu yako hadi nasahau chungu jikoni. Tuliahidiwa shule, lakini kama tusingepata mawe ya msingi kabla ya mvua, ingejengwa kijiji cha jirani. Lakini mawe ya juu yalikuwa ya kijani, yakichunika kwa ukucha.

"Hii ni sabuni, mama," mwenyekiti wa kijiji akasema. "Tuache."

Nilikumbuka masomo ya sekondari. Lava yenye magnesiamu nyingi ilitiririka kama uji mwepesi, tabaka juu ya tabaka. Baadaye maji ya moto yakapenya kwenye nyufa, yakalainisha mwamba. Chini zaidi, pasipo na nyufa, ungebaki mgumu. Nikasema tuchimbe.

"Nimemwoa juzi tu, mwenyekiti," babu yako akasema. "Akitaka, nitachimba mpaka nitokee kule Mungaa."

Tukachimba, watu wakitucheka, mpaka siku moja sururu yake ikagonga na kudunda. Lilikuwa jiwe jeusi, zima. Mwenyekiti akavua shati, akaomba zamu.

Sikuwa na hakika kwamba lipo, Neema. Niliapa tu kwamba sitachoka kabla ya mume wangu. Yeye anasema alikuwa akiningoja mimi nichoke. Tutakuja kwako kabla mwezi haujaisha, umuulize mwenyewe.