Dumu Lenye Kitambaa Chekundu

Ijumaa, 18 Oktoba 2024

Wewe uliyelifungua daftari hili na si mimi — nakusihi, lifunge. Kama umeshasoma, meza. Usimwambie mtu hata neno moja. Leo nimetia sahihi ya mtu mwingine. Mimi, Jonathan, karani wa masjala, ambaye ofisi nzima hapa Masasi inaniamini kwa mwandiko.

Nianze vizuri. Kesho ni mbio zetu za magari. Si mbio za wakubwa. Magari tisa tu, watu wa Masasi na Newala, kila mtu na gari lake la kazi. Dereva ni rafiki yangu Silvano, fundi magari. Mimi ni msoma njia: nakaa kushoto, karatasi mapajani, namsomea kona kabla hajaziona. Leo tumepanda juu kuikagua njia ya Kitangari hadi Mnyambe. Nimeandika kila kitu. Kona kulia, kali. Mikorosho kushoto. Mteremko. Nyooka mita mia nne, wazi.

Hapo penye "wazi" ndipo lilipo bomba la maji la kijiji cha Mnyambe. Leo lilikuwa kavu. Hakuna mtu, hakuna hata ndoo.

Nilikuwa na barua ya ofisi kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Apolinari: Jumamosi, saa nne hadi saa sita, magari yatapita kwa kasi, watu wakae mbali na barabara. Nimeichapa mwenyewe. Mzee hakuwepo, kaenda mazishini Newala, simu haipatikani. Tulimkuta mkewe, Mama Ethel, anafunga kitambaa chekundu kwenye mpini wa dumu lake la njano. Shikamoo. Marahaba wanangu, karibuni maji. Alichungulia mtungi kabla ya kutuchotea, kikombe kimoja kimoja. Akasema niiache barua, atampa Baba Ethel akirudi.

Nikakataa! Barua ya ofisi hukabidhiwa mwenyewe, na mwenyewe husaini kwenye daftari la barua. Ndivyo nilivyofundishwa. Akauliza, kuna nini humo? Nikasema, mambo ya kiofisi, mama. Akacheka.

"Haya baba, ifiche vizuri isilowe."

Silvano garini: "Karani bwana! Si ungemwambia kwa mdomo tu?" Nikasema nitampigia mzee jioni.

Mkubwa wangu hulikagua daftari la barua kila jioni. Pale pa mpokeaji palikuwa patupu. Nikaandika "Apolinari", nikaukunja mkia wa herufi ya mwisho kama wanavyofanya wazee. Barua bado iko mfukoni mwa shati langu. Nimepiga simu mara sita. Haipatikani.

Jumamosi, 19 Oktoba, saa mbili asubuhi

Kitangari. Ukungu, baridi. Wilhelmina, mwalimu, mwenzetu, ndiye atakayeshika saa kule mwisho wa mbio. Kanipa chai. Mbona hunywi? Ya moto, nikasema. Silvano: "Huyu akisikia injini tu anatafuta choo!" Tulicheka wote. Na mimi.

Kisha Selestini, mwenye kibanda cha chai, akawa anamwambia mteja kwamba leo ndiyo zamu ya maji upande wa Mnyambe. Nimemuuliza mara mbili. Ndiyo, leo. Yametoka tangu alfajiri.

Silvano kaniuliza, ulimpigia yule mzee? Nikajibu, nimempigia.

Si uongo. Nimempigia mara kumi na moja.

Jumamosi, alasiri



Msoma njia hatazami barabara. Macho yake ni ya karatasi. Nilisoma, nyooka mita mia nne, wazi. Silvano akakanyaga mafuta. Kisha kishindo — kimoja, kizito — na kioo chote kikawa maji. Maji! Vumbi likageuka tope. Nikageuka nyuma: ukuta wa vumbi jekundu, basi. Nilisema simama. Au labda sikusema.

"Dumu," Silvano akasema. "Wamepanga madumu barabarani. Dumu tu, Karani. Soma!"

Nikasoma. Mungu wangu, nikasoma kona iliyofuata.

Inawezekana. Huku juu mtu hashindi bombani. Anapanga dumu lake kwenye foleni, linamshikia nafasi, mwenyewe anakwenda kuokota korosho. Foleni inaweza kuwa ndefu na pasiwe na mtu hata mmoja. Kwa hiyo dumu tu.

Tumekuwa wa pili. Watu walitupigia makofi. Wilhelmina alipitisha kidole kwenye boneti, akauliza, mmepata wapi maji, Oktoba hii, huku juu? Rejeta, alisema Silvano. Wilhelmina akaitazama rejeta, akamtazama Silvano, akafuta kidole.

Kwenye bampa nimekuta kipande cha mpini wa njano. Kina kitambaa chekundu. Nimekitia mfukoni pamoja na barua.

Jumapili, 20 Oktoba

Tumelala Newala. Asubuhi nikiongozana na Wilhelmina kwenda kanisani nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia, tuligonga dumu la foleni pale bombani, ndiko yalikotoka yale maji.

Akasimama. Akaniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi.

"Dumu la foleni huwa tupu, Jonathan. Likishajaa maji linakuwa kichwani kwa mtu."

Sikujua. Mimi ni mtu wa Same, mgeni. Hapana — nilijua. Kila mtu anajua. Sikutaka kujua.

Katika matangazo padri aliomba tumkumbuke mke wa ndugu Apolinari wa Mnyambe, yuko hospitali tangu jana, hajazinduka. Waliomba kwa sauti.

Nje Silvano alinivuta pembeni. Zile karatasi za njia nizichome leo leo. Akatabasamu kwa ajili ya watu waliokuwa wakipita. "Nikiulizwa nitasema ukweli. Nilisomewa 'wazi'. Sauti si yangu, mwandiko si wangu."

Sijazichoma.

Jumatatu, 21 Oktoba

Masasi. Mkubwa wangu kaniita kabla sijakaa. Daftari la barua wazi mezani, simu imewekwa spika. Mzee Apolinari. Anaongea polepole, kama mtu anayehesabu ngazi. Hakupokea barua. Siku hiyo alikuwa anazika, kanisa zima la Newala ni shahidi. Mkewe alimwambia Ijumaa jioni: alikuja kijana wa ofisini na barua, akakataa kuiacha.

Mkubwa wangu akaniangalia. Mzee akaendelea: "Huyo aliyenisainia, aje. Barua yake inataka mwenyewe, basi na mimi namtaka mwenyewe."

Nikauliza — sauti ilitoka yenyewe — Mama Ethel anaendeleaje, baba? Halafu simu ikakatika.

Nimeambiwa nisitoke, polisi wanakuja saa nane. Sasa ni saa tano na robo. Dirishani namwona Silvano ng'ambo ya barabara, ameegemea gari. Kaliosha hadi linang'aa. Bampa jipya. Ananipungia mkono. Ameshapiga mara nne. Anazitaka karatasi.

Kuna mlango wa nyuma, kupitia stoo ya mafaili. Mjumbe wetu anakwenda shuleni kwa Wilhelmina, nitampa alipeleke daftari hili.

Wilhelmina, niliyoyaomba ukurasa wa kwanza, yafute. Waoneshe polisi. Simu nimeizima, usihangaike kupiga. Kwetu Same usiwaambie kwanza. Silvano akiuliza, hujui. Ukitaka kunipata, panda hadi Kitangari, shika njia yetu ya juzi, hesabu kona kama nilivyoziandika: kulia kali, mikorosho, mteremko. Pole pole, tafadhali. Penye bomba shuka utembee. Nitakuwa nimeshafika kwa Mzee Apolinari na barua, na karatasi, na mpini. Kama atakuwa ameniacha nitoke, nitafute kwenye foleni. Usiulizie jina. Tazama penye nafasi ya Mama Ethel, dumu jipya la njano nitakalomnunulia, halina kitambaa. Mimi nitakuwa nimesimama karibu nalo. Usipoliona hilo dumu, nenda — Mjumbe yuko mlangoni, analitaka daftari.