Jiko la Ba

Vaniya Sheri,
Petlad, Gujarat.
9 Oktoba 1994

Mpendwa shemeji yangu Nalin,

Jai Shri Krishna. Naomba barua hii ikukute mzima huko Leicester, kifua kimetulia, na unavaa sweta niliyokufumia hata kama rangi yake huipendi. Sisi hatujambo kwa rehema za Bwana. Goti la Ba, mama yetu, ndilo linalolalamika kila asubuhi, mwenyewe halalamiki.

Watu wameanza kupaka nyumba chokaa kwa ajili ya Diwali. Jioni bado tunakula khichdi, wali wetu wa dengu, na mchuzi wa mtindi wa kadhi, wote pamoja chini, kama ulivyotuacha. Nikifika kwenye ukoko nakukumbuka, maana hakuna tena wa kuugombania. Tunampa ng'ombe.

Lipo jambo linanilemea. Kaka yako Bipin anataka jiko lake. Mtoto wao Ketu ni dhaifu, daktari ameagiza mayai, na wewe unajua yai halijawahi kuvuka kizingiti cha jiko anamopikiwa Thakorji, Bwana wa madhabahu yetu ya nyumbani, chakula chake. Basi Smruti, mkewe, huyakaanga darini kwenye jiko la mafuta ya taa. Harufu inashuka ngazi kabla yake. Ba, pale kwenye pembea yake, anaziba pua kwa pindo la sari na kusema majirani siku hizi wamepotoka. Majirani wenyewe ni Wajaini, hata kitunguu hawali.

Mwezi uliopita Bipin alitamka wazi kwamba tutenganishe majiko, moyo ubaki mmoja. Mume wangu Harivadan akasukuma sahani. Ba hakugomba. Alisema tu, "Jiko hili niliwawashia wana watatu. Siligawi mpaka watatu wote mkae mbele yangu."

Tangu siku hiyo, Bipin akiuliza utakuja lini, moyo wangu hauna pa kukaa. Nina hamu na wewe, shemeji, hamu ya mtu aliyekulea tangu unaota meno ya pili. Lakini ukija tutagawana. Tuko pamoja kwa sababu wewe hupo.

Jana namkanda Ba goti, akaniambia, "Mwandikie Nalin asije Diwali hii. Nauli ghali." Kisha akauliza kama huko yupo mtu wa kukukwangulia ukoko, akafuta macho kwa pindo lile lile la kuzibia pua.

Basi nimeandika nilivyoagizwa, nisingethubutu kuficha neno lake. Hili sasa ni langu: njoo. Nimeomba sana mbele ya Thakorji, na sioni kwamba yafaa mama amfungie mwanawe mlango ili kulinda moto. Bipin naye hakosei. Ketu ameanza kunawiri. Majiko yakiwa mawili, na yawe. Ila ukishakaa, ukiulizwa wewe utakula kwenye jiko lipi, usijibu haraka. Mwache Ba akupakulie kwanza.

Kaka yako Harivadan anakusalimu, na Bipin pia. Smruti anasema ukija atakukaangia yai darini, na sisi huku chini tutawasema majirani.

Bwana akufunike kwa kivuli chake njiani na kazini.

Ni mimi nikupendaye, ambaye kuanzia leo nimemnyima ng'ombe ukoko,

Shemeji yako, Bhabhi Kirtida