Mahali pa Nejat Karakanani

Tire, Novemba 1978

Kaka yangu mpendwa Nejat,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Mama, na kwa Baba, ambaye anajifanya hasikii nikisema nakuandikia. Je, huko Duisburg hamjambo, wewe na wifi yangu Helga? Kikohozi chako kimepona? Sisi huku tu wazima, ila nyonga ya Baba inamsumbua, na habari yangu inaanzia hapo.

Barua yako ya mwisho Mama alitaka niisome tena na tena. Unasema utaacha kazi kiwandani urudi, hata kama Helga hataki kuondoka kwao, kwa sababu ulimwahidi Baba kuishika kazi yake ya karakanani. Basi nisikilize kwanza.

Tangu uondoke, Baba hakuajiri mtu. Wenzake walimwambia sufu haikanyagwi na mtu mmoja mpaka ikashikamana kuwa kitambaa kizito, atafute kijana. Akawajibu kuwa mahali hapo pana mwenyewe. Akawa anauviringisha mkeka wa sufu peke yake, anausukuma kwa mguu hadi ukutani, anazunguka, anaurudisha. Joho moja la mchungaji likawa linamchukua siku nzima na kesho yake.

Mwaka jana, baridi ilipokaribia, Durmuş, yule mchungaji wa mlimani mwenye sauti kama punda, aliagiza joho. Baba alitandaza sufu, akanyunyiza maji ya moto, akaviringisha, kisha nyonga ikakataa. Nilipompelekea chai nilimkuta ameshika ukuta. Nikaweka trei chini, nikavua viatu, nikaweka mguu juu ya mkeka.

"Toka hapo," akasema. "Hapo ni pa Nejat."

"Nejat yuko Ujerumani, Baba. Sufu iko hapa, na maji yanapoa."

Alisimama kando yangu, akanishika bega kama alivyokuwa akikushika wewe, tukaanza kukanyaga.

Wanaume wa mkahawani walicheka sana. Şaban muuza matandiko ya farasi akamuuliza Baba kama wanaume wameisha mjini mpaka amkanyagishe binti. Baba akamwambia alete mguu wake ushindane na wangu. Tangu hapo naingia karakanani kila asubuhi. Sikukuandikia kwa sababu Baba alinikataza. Alikuwa akisema ninakushikia mahali pako tu.

Theluji ilipoyeyuka Durmuş akateremka. Alikuwa amekwama mlimani kondoo wakizaa, akalala ndani ya joho lile na wana-kondoo kifuani. Alitaka mengine kwa ajili ya ndugu zake, na yawe ya mkono uleule. Baba akamwambia mkono huo ni wa Saniye. Sikuwahi kumsikia akilitaja jina langu mbele ya mteja.

Juma lililopita nilichukua sufu nyekundu ili niweke begani mwa joho alama ya fundi, ile ya Baba yenye umbo la kitana. Akanizuia, akaniambia niweke yangu. Nikaweka ua la komamanga. Alilitazama mpaka nikaogopa limekaa upande. Kisha akaenda kwenye msumari, akateremsha aproni yako ya ngozi ambayo hatukuruhusiwa hata kuigusa, akanifunga mwenyewe kiunoni.

"Mwandikie kaka yako," akasema. "Mwambie asirudi kwa ajili ya kazi. Mimi ndiye niliyemfunga, na mimi namfungua."

Akatoka kwenda kufagia ua ambao Mama alikuwa ameshaufagia.

Sasa nikuambie la kwangu, ambalo Baba halijui. Muda wote aproni ile ikining'inia, nilikuwa na hakika utarudi. Mama akilia, nilikuwa namwonyesha hiyo. Leo nimeivaa, inanienea, na kazi hii naipenda kuliko kitu chochote. Lakini kila nikifunga kamba zake naona kama ninakufungia wewe mlango. Nilipataka mahali pako, Nejat, na nilikutaka wewe. Sikujua kwamba nikipata kimoja kingine kitaniponyoka.

Kaa na mkeo. Ila tini zikiiva mje wote wawili, na msiwe na haraka ya kuondoka. Mama ameshasema Helga atalala chumba chenye jua. Mpe mkono kwa niaba yangu, na usiache kuvaa soksi nzito.

Nami ni dada yako anayekukumbuka,

Saniye