Kidari cha Baba Mkubwa

Kibosho,
9 Agosti 1994

Mwanangu Rodrick,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Mimi sijambo, ila magoti yananisumbua kwa baridi hii. Ng'ombe amezaa jike. Dainess anaendeleaje na ujauzito wake? Mwambie asinyanyue ndoo, hata kama huko kwao Njombe wananyanyua.

Baba, naandika kwa sababu naogopa. Siku ya kumaliza matanga ya baba yako, wewe ndiye uliyemkata mbuzi, kwa kuwa wewe ni kifungua mimba. Mimi nilikuwa ndani na akina mama, sikuona. Juzi ndipo nimeambiwa kwamba kidari ulimpa yule mwenye hoteli wa mjini. Rodrick, katika ukoo huu kidari ni cha kaka mkubwa. Kidari kile kilikuwa cha baba yako mkubwa Nikodemo. Aliondoka siku ile bila kula wala kuaga, na tangu hapo tukikutana njiani anageuzia uso kwenye migomba. Namwamkia, haitikii.

Na sasa anaumwa. Amekonda mpaka shati linamcheza mwilini. Mzee akifa na kinyongo cha nyama ya matanga, kinyongo hicho hakizikwi naye. Kinatafuta mtoto. Omba ruhusa shuleni, uje umpelekee jani la isale angali hai. Mtu akiletewa isale hana njia ya kukataa kusamehe, lakini ni lazima awe hai wa kulipokea.

Mama yako,
Redempta

Songea,
30 Agosti 1994

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Sisi hatujambo, na pole kwa magoti.

Mama, yule mwenye hoteli ndiye aliyetuazima gari la kuupandisha mwili wa baba kutoka mjini, na mafuta akaweka mwenyewe. Nilitafuta cha kumshukuru nikaona nyama nzuri kuliko zote ni ile. Sikumdharau mtu. Pale buchani kwake Mbuyuni nimemwona baba akikata kidari na kumwuzia yeyote aliyekuja na kikapu. Kwangu nyama ilikuwa nyama.

Baba ninayemkumbuka mimi ni yule aliyefunga bucha jioni, akasugua mikono kwa majivu na limau mpaka ngozi ikawa nyekundu, ndipo akatubeba. Hakutaka tusikie harufu ya damu kwake. Mtu kama yule hawezi kuruhusu kinyongo cha kaka yake kiwatafute wajukuu zake.

Nitakuja likizo ya Desemba na nitamwona baba mkubwa kwa heshima zote. Ila nakuomba, habari za mtoto usiziandike tena. Dainess aliisoma barua kabla yangu, na tangu siku hiyo hali chakula vizuri.

Mwanao,
Rodrick

Kibosho,
20 Septemba 1994

Mwanangu,

Natumaini mu wazima huko. Mimi nipo, namshukuru Mungu.

Wewe unamkumbuka baba yako wa buchani. Mimi namkumbuka wa huku juu. Tangu walipoanza kuruhusu watu kujifanyia biashara naye akafungua bucha, kila mkesha wa Krismasi kidari cha kwanza kilishuka kwenye ndoano kabla hajamfungulia mteja mlango. Nje watu wamejaa mpaka barabarani wanagonga, yeye yumo ndani anafunga kidari cha kaka yake kwenye jani la mgomba. Alikipandisha mwenyewe, hakumtuma mtu.

Mwaka ule walipogombana juu ya zamu ya maji ya mfereji, Nikodemo alikataa kumfungulia. Baba yako akakitundika kwenye mti wa kahawa pale uani, akapaza sauti: "Kaka, chako kipo nje, usipowahi mbwa watakuwahi." Akarudi nyumbani akicheka peke yake njiani. Sikukuu ya pili Nikodemo akaja na pombe ya mbege, maneno ya mfereji yakaisha. Baba yako Basili alikuwa mtu wa namna hiyo, na mimi sijazoea kuishi bila yeye.

Sasa sikiliza. Leo asubuhi nimefungua mlango nikakuta jani la isale kizingitini, limefungwa fundo. Hapakuwa na mtu. Rodrick, ni nani anatuomba msamaha, na wa jambo gani? Maana yake kuna mtu ametufanyia ubaya ambao bado hatujauona. Nimekwenda kumwangalia ndama, nimekagua kahawa, nimezunguka kaburi la baba yako. Sijaona kitu, na hapo ndipo ninapozidi kuogopa. Jani sijaligusa wala kulivuka. Napita mlango wa jikoni.

Mama yako

Songea,
11 Oktoba 1994

Mama,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta salama.

Dainess ameona damu. Muuguzi amesema alale kitandani asiinuke, na mtoto bado anacheza. Mimi ni mwalimu wa sayansi, mama, najua wanawake wengi hupatwa na hali hii. Lakini nimeogopa. Usiku nasikia sauti ya kisu changu kwenye mbuzi yule.

Nimepewa ruhusa kuanzia mwisho wa mwezi, na dada yake Dainess atakuja kumwuguza. Nichumie isale kule kwenye kaburi la baba, uliweke mahali penye unyevu lisinyauke. Lile la kizingitini usiliguse mpaka nifike. Na baba mkubwa, mama, mchungulie hata kwa mbali. Niambie kama bado yupo.

Mwanao,
Rodrick

Kibosho,
19 Oktoba 1994

Mwanangu,

Mpe Dainess pole nyingi, aendelee kulala. Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, kwa sababu posta itachelewa.

Priska, binti wa baba yako mkubwa, amerudi kutoka Arusha kumwuguza baba yake, na jana alikuja kunieleza. Ni ugonjwa wa koo, Rodrick. Tangu kabla ya msiba alikuwa hawezi kumeza, akaficha. Siku ile aliondoka ili watu wasimwone akitema nyama ya matanga ya mdogo wake. Haitikii salamu kwa sababu sauti imekwisha. Alipoona kidari chake kinapewa mgeni, alidhani tumeshajua ugonjwa wake na tumemhesabu na wafu. Alikuwa akituogopa sisi, nasi tukimwogopa yeye. Lile isale ni lake. Anaomba radhi kwa kuondoka bila kula.

Niliruka kizingiti nikaenda. Nilimkuta jikoni karibu na moto, nikamwambia kosa ni letu. Akanishika mkono asiuachie, machozi yakimtoka, na mimi nikalia.

Hofu ile imekwisha, imekuja nyingine. Hospitali wamemrudisha nyumbani, na maji yenyewe anapewa kwa kijiko. Anataka mbuzi akatwe upya. Kula hawezi, anataka kukabidhiwa kidari tu, mkononi, na mtoto wa Basili. Mbuzi nimeshamfunga nyuma ya zizi.

Usingoje mwisho wa mwezi. Isale usilifikirie, lililopo linatutosha wote. Njoo na kisu cha baba yako ulichokwenda nacho. Na kama atakuwa ametangulia, usiingie kwanza ndani kunisalimia, mkate mbuzi pale zizini ukipandishe kidari moja kwa moja kwake. Mti ule wa kahawa bado upo uani kwake.

Mama yako,
Redempta