Tableti ya Inchi Kumi

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka,

Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Mtoto analala vizuri, ananyonya, anaongezeka? Nimeanza na habari zake kwa sababu yeye ndiye aliyenikalisha kuandika. Huku tuko salama kiasi. Mimi mafua tu, vumbi la vitambaa pale karakana limenikaa kifuani kama mpangaji asiyetaka kuhama. Mama anakula, anatembea, presha yake ya damu imetulia. Habari za macho yake zinakuja, na nakuomba uzisome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Simu zangu hupokei tangu katikati ya mwezi uliopita. Sikulaumu. Ujumbe wako wa mwisho bado ninao: "Kama mama hamtaki mjukuu kwa sababu sikuleta mke nyumbani kwanza, angesema tu." Nimeusoma mara nyingi. Sikumsomea mama siku ile, ila baadaye nilimsomea, utaona kwa nini.

Nirudi nyuma kidogo. Januari ulipotutumia fedha ukaniambia nimnunulie mama tableti ili akuone uso, nilipomwambia alicheka. "Tableti? Si nimeshajaa tableti? Asubuhi mbili, jioni moja." Nikamweleza kwamba hii si ya kumeza. Kisha akauliza kama na mimi nitaonekana humo au ni wewe peke yako. Unamjua, furaha yake huipitisha mlango wa nyuma.

Tukaenda dukani pamoja Jumamosi. Muuzaji alikuwa kijana msemaji, nilimpa jina la Bwana Inchi kwa sababu kila sentensi yake ilikuwa na inchi ndani. Alituwekea tatu mezani. Ya inchi saba, nyepesi, bei yake chini kabisa. Ya inchi nane, ina nafasi ya laini ya simu, lakini kamera yake kama inatazama kupitia maji ya kufulia. Na ya inchi kumi, kioo kikubwa, betri ya kukaa siku nzima, ila haina nafasi ya laini, na bei yake ilipita fedha uliyotuma.

Mama alishika ile ndogo akaisogeza mpaka ikagusa pua. Bwana Inchi akamwambia, "Mama, hiyo ina kamera mbili, mbele na nyuma." Mama akamjibu, "Mimi nina macho mawili, yote mbele, na hayanisaidii." Tukacheka duka zima. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, kaka. Nilidhani ni utani wake wa kawaida.

Hapo ndipo nilipokosea. Ulisema nichague vizuri, nami nikachagua kama mtu anayenunua nyumba. Nikafungua daftari, nikachora mistari: ukubwa, bei, kamera, betri, nafasi ya kuhifadhi. Nikazunguka maduka mengine mawili. Nikauliza mhasibu wetu wa karakana, nikauliza fundi simu wa pale kona. Kila mtu alikuwa na lake. Mwishowe nikaona ya inchi kumi ndiyo inayomfaa, intaneti itatoka kwenye simu yangu, na bei, Bwana Inchi aliniambia, ingeshuka mzigo mpya ukiingia mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, mzigo haukuja. Ukaisha na wa pili. Niliinunua wiki ya kwanza ya Aprili, kwa bei niliyoitaka, nikarudi nyumbani najiona mjanja.

Januari mama alikuwa anasoma tarehe kwenye kalenda ya ukutani akiwa amekaa kitini. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu ndiye aliyenikumbusha siku ya kulipa maji.

Ile simu ya kwanza unaikumbuka. Nilipokea mimi, nikakutania, "Kaka, hizo ndevu ni za nini, umekuwa mbuzi?" Nikampa mama. Naye akakutazama akakwambia, "Mwanangu, nyoa hizo ndevu, umezeeka kuliko mimi." Uliangua kicheko mpaka wifi akaja kuangalia. Jumapili iliyofuata nikasema shati lako la bluu limekupendeza, na mama akalisifia shati. Halafu kuna siku ulilalamika unaona dari tu, mama akasema hii mashine ina kiburi. Sote tukakubali kwamba mashine ina kiburi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ulikuwa umetuandikia kwamba wifi amejifungua salama, mtoto wa kike, na jina lake utamwambia mama akishamwona kwa macho yake. Mama alioga mapema, akavaa gauni lake la kijani. Simu ilipoita nilikuwa uani naanika nguo, akapokea mwenyewe, maana nilikuwa nimemwonyesha mahali pa kugusa na kidole chake kilipazoea.

Nilipoingia na beseni, tableti ilikuwa imeegemea kopo la sukari, na kioo chote kilikuwa uso wa mtoto. Amelala, kofia ya njano, mdomo wazi kidogo. Wewe ulikuwa kimya, nadhani ulikuwa unasubiri. Na mama alikuwa anakusimulia bati la jikoni linalovuja. "Huyo fundi nimemwambia aje Jumatano, lakini unawajua mafundi." Akaendelea hivyo, anatabasamu. Kisha akatega sikio. "Mbona umenyamaza? Mtandao umekatika?" Kabla sijafika mezani, ukakata.

Nilipunga mkono mbele ya uso wake. Hakupepesa.

"Mama," nikamwuliza, "umeona nini sasa hivi?"

"Nimemwona kaka yako."

"Alikuwa amevaa nini?"

Alipapasa kingo za meza. Kisha akasema, "Leo hujasema."

Nilikaa chini pale pale sakafuni, kaka. Beseni sijui nililiweka wapi.

Hakunificha tena. Alisema giza lilianza pembeni, mwaka juzi, likawa linaingia ndani polepole, akadhani ni uzee. Mwaka mpya ulipoanza lilikuwa limebakisha katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Siku ya kwanza ya tableti aliona weupe unaotikisika, akajua kwamba weupe huo ni wewe. Zilizofuata, hata weupe haukuwepo. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ningesema ili iweje? Yeye angeacha kazi, wewe ungejilaumu. Nilikuwa nakusikia ukimtania, nami nafuata nyuma yako." Nilimwambia kuna mtu alikuwa ameletwa mbele yake siku ile, akiwa na kofia ya njano. Sitakuandikia alivyolia. Nilikuwa sijawahi kumwona analia hata tulipomzika baba.

Tulikwenda kwa daktari wa macho Jumanne. Ni presha ya macho, tofauti na ile ya damu. Daktari, mama mmoja mpole, alisema kilichopotea hakirudi. Ametoa dawa ya matone, ili jicho la kulia liendelee angalau kujua dirisha liko wapi. Mama yetu alipotoka nje kidogo nilimwuliza daktari kuhusu zile wiki zangu za kusubiri bei. Alisema zisingemponya. Nikauliza tena, je, Januari angeweza kuuona uso wa mtu kwenye kioo kikubwa, karibu? Akasema, "Labda." Hilo neno ninalala nalo. Nakuomba usiniambie kwamba si kosa langu, maana umezoea kunitetea tangu utotoni. Niache nilibebe kidogo, kisha nitalitua mwenyewe.

Mama hakutaka ujue. Nilimwambia hapana, safari hii sitamfuata. Ndipo nikamsomea ujumbe wako. Akasema, "Amefikiri namkataa mtoto?" Akarudia mara mbili, taratibu. Kuhusu kuoa kabla ya kumleta wifi nyumbani, ni kweli alinuna, alinuna mwaka mzima, wewe mwenyewe unalijua nuno lake. Lakini alishalimaliza siku aliposikia wifi ana mimba. Alikuwa ameshafuma soksi, ndogo kama vidole gumba. Zilimtoka moja ndefu, moja fupi, nami nikamwambia zimelingana.

Tableti bado ipo. Nilitaka kuirudisha kwa Bwana Inchi, mama akakataa. Anasema sauti yake ni safi kuliko ya simu yangu.

Anko fundi saa anakusalimu, amepata duka dogo karibu na kituo cha mabasi na sasa anajiita mkurugenzi. Shangazi wa mtaa wa pili anakusalimu, mguu wake umepona. Binamu yetu, yule mpaka rangi, anasema bati la jikoni ataliziba yeye, tuachane na yule fundi wa Jumatano. Nisalimie wifi sana. Mwambie huku hakuna aliyemkataa, na kama anaweza, anisamehe mimi na daftari langu.

Salamu za mama nimeambiwa niziandike kama alivyozitamka, nisipunguze. Anasema: Upige Jumapili. Umtaje jina mtoto kwanza, halafu umweke karibu kabisa na simu. Akilia, usimbembeleze haraka.

Mungu awalinde nyote watatu, awape usingizi na riziki, na akukumbushe njia ya kurudi nyumbani.

Ni mimi, kitinda mimba wenu, nikupendaye hata ninapokuletea habari kama hizi,

Mdogo wako.